Kukwamua Bolti: Kazi Moja ya Ufundi na Vitenzi Vyake

1. Utangulizi

Barabara nyingi za nchi yetu hazina lami. Gari linalotoka Lubumbashi kwenda vijijini hupita katika vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na katika matope wakati wa mvua. Sehemu yake inayoumia mapema ni ile inayobeba uzito wa gari juu ya magurudumu, yaani springi pamoja na viungo vyake. Springi ikivunjika, au mpira wa kiungo chake ukichakaa, fundi hana budi kuitoa. Hapo ndipo anapokutana na kikwazo ambacho kila garaji inakifahamu: bolti iliyokwama.

Makala haya yana shabaha mbili. Shabaha ya kwanza ni kueleza kwa nini bolti ya springi hukwama, na kwa utaratibu gani hutolewa bila ya kuharibu gari wala kumwumiza mtu. Shabaha ya pili ni kuonyesha kwamba Kiswahili kina vitenzi vinavyotenganisha hatua za kazi hiyo kwa usahihi. Mwanafunzi wa ufundi anayeambiwa "toa bolti" amepewa neno moja kwa kazi nne zilizo mbalimbali. Asipozitenganisha, atatumia nguvu pale panapotakiwa subira, na bolti itakatika mikononi mwake. Kazi ya saa moja huwa ya siku mbili, na gari lililokuwa lisafirishe mgonjwa au mitihani hubaki limelala juu ya mategemeo.

Mfano wetu ni Land Rover ya zamani, ile iliyotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1948 hadi 1985 katika mifululizo mitatu, ikiwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Tumeichagua kwa sababu kiungo chake ni chepesi kueleweka, na kwa sababu aina hiyo ya kiungo, yaani bolti iliyopita ndani ya bomba la chuma lililozungukwa na mpira, imo vilevile katika magari mengi yaliyoifuata. Anayeelewa kiungo hiki ataelewa na vingine.

2. Juu ya istilahi

Fundi wa kwetu aliyejifunza kazi kwa Kifaransa husema buloni na ekru. Mwenzake wa Dar es Salaam au Mombasa husema bolti na nati. Tofauti hii si ya matamshi tu. Katika Kifaransa cha mafundi, neno lililotupatia buloni hutaja vitu viwili kwa pamoja: ufito wenye kichwa na hesi, pamoja na nati yake. Kwa hiyo mtu akisema "buloni imekwama", msikilizaji hajui bado kama ni nati isiyotaka kuzunguka au ni ufito usiotaka kutoka. Kwa kazi tunayoieleza, jambo hilo ndilo swali lenyewe.

Katika makala haya tutatumia bolti kwa maana ya ufito peke yake, na nati kwa maana ya kile kinachosokotwa mwishoni mwake. Bolti ina kichwa, ina shina, na mwishoni ina hesi, yaani ule mfereji unaozunguka shina kama ngazi ya mviringo. Spana ni chombo cha kuzungushia. Bushi ni ule mpira wa kiungo pamoja na mabomba yake ya chuma. Maneno hayo yote ni ya kukopa, lakini yamekwisha kupata uraia, na hatuoni faida ya kuyafukuza.

Vitenzi havikukopwa. Kulegeza, kufungua, kukwamua na kuchomoa ni vya Kiswahili chenyewe, na vitatu kati yake vina umbo ambalo wanafunzi wa sarufi wanalijua vema: kiambishi cha kutendua. Anayefunga hufungua, kilichochomekwa huchomolewa, kilichokwama hukwamuliwa. Kila kitenzi cha kutendua kinamkumbusha msemaji hali iliyotangulia. Hatuwezi kukwamua kitu ambacho hatujajua kimekwamia wapi.

3. Muundo wa kiungo

Springi ya Land Rover hiyo ni mabamba marefu ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kufungwa katikati juu ya ekseli. Bamba kuu limekunjwa kila mwisho likawa pete. Pete moja imeshikwa moja kwa moja kwenye chesisi. Pete ya pili imening'inizwa kwa vibamba viwili, ambavyo tutaviita pingu. Kwa kuwa springi hurefuka inapokandamizwa, lazima mwisho wake mmoja uwe huru kwenda mbele na nyuma.

Ndani ya pete mna bushi. Bushi ina tabaka tatu: bomba la nje la chuma lililoshindiliwa kwa nguvu ndani ya pete, mpira katikati, na bomba la ndani la chuma, ambamo bolti hupita. Nati inapokazwa, mashavu ya kishikio hulibana bomba la ndani kutoka pande zote mbili, likawa kitu kimoja na kishikio. Springi inapopanda na kushuka, bomba la ndani halizunguki juu ya bolti. Mpira ndio unaojinyonga kidogo na kurudi. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani tutalihitaji mara mbili: katika kupima mahali bolti ilipokwama, na katika kukaza upya.

Pingu za gari hili zina siri moja. Kibamba cha nje kina matundu laini, lakini matundu ya kibamba cha ndani yamechongwa hesi. Bolti hujisokota kwanza katika kibamba hicho, kisha nati huja kuifunga kwa nyuma. Asiyejua huondoa nati na kuanza kugonga bolti kwa nyundo ili itoke. Anachofanya ni kusaga hesi za bolti na za kibamba kwa pamoja. Bolti ya pingu, hata baada ya nati kuondoka, inatolewa kwa kuzungushwa.

4. Kwa nini bolti hukwama

Watu husema kwamba kutu "hugandisha" bolti. Msemo huo ni wa kweli, ila hauelezi namna. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hugeuka kuwa kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa: mara 2 hadi 6 kwa kadiri ya aina ya kutu yenyewe. Kati ya shina la bolti na bomba la ndani la bushi mna uwazi mdogo sana, sehemu tu ya milimita moja. Maji ya barabarani huingia humo na hayatoki upesi. Kutu inapozaliwa hukosa mahali pa kwenda, ikajaza uwazi na kusukuma pande zote mbili. Bolti hubanwa kama kabari inavyobana mpini wa shoka, na katika urefu wote wa bomba.

Katika hesi mambo ni tofauti kidogo. Hata bolti mpya, inapokazwa, hutumia sehemu kubwa ya juhudi za fundi kushinda msuguano. Kwa kadirio la kawaida la wahandisi, kama 50 kwa 100 ya juhudi hiyo huishia chini ya kichwa au nati, kama 40 kwa 100 huishia katika hesi, na 10 kwa 100 tu ndiyo inayovuta shina. Kutu na mchanga vikiongeza msuguano huo, nguvu yote ya spana huishia katika kupinda na kusokota shina badala ya kuizungusha nati. Ndiyo maana bolti hukatika.

Kuna sababu ya tatu ambayo si kutu kabisa. Ikiwa uzito wa gari au mvuto wa springi unalala juu ya bolti, shina hukandamizwa upande mmoja wa tundu. Bolti ya namna hii huzunguka vizuri lakini haitoki. Dawa yake si mafuta wala moto. Ni kuinua au kushusha ekseli kidogo kwa jeki mpaka uzito uondoke.

5. Kabla ya kugusa spana

Kazi hii hufanyika chini ya gari, kwa hiyo maandalizi ni sehemu ya kazi. Gari liwe juu ya ardhi tambarare na ngumu. Jeki ni chombo cha kuinulia. Si chombo cha kusimamishia. Baada ya kuinua, chesisi iketi juu ya mategemeo ya chuma yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, wala si juu ya matofali, ambayo hupasuka ghafla bila ya onyo. Jeki ya pili iwekwe chini ya ekseli ili fundi aweze kuipandisha na kuishusha apendavyo.

Land Rover ya zamani ina hatari yake ya pekee. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu. Inashika shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa hewani, gia za ekseli huliruhusu lizunguke kinyume, na gurudumu lililobaki chini huwa huru kuviringika, ingawa breki imevutwa mpaka mwisho. Gari huanguka kutoka kwenye jeki. Kwa hiyo magurudumu yanayobaki chini yatiwe kabari, mbele na nyuma yake, kabla ya jeki kuguswa.

6. Hatua nne

6.1 Kulegeza

Kulegeza ni kuvunja ule mshiko wa kwanza, kabla nati haijazunguka hata robo. Hatua hii huanza jana yake. Hesi zinazoonekana nje ya nati zisuguliwe kwa brashi ya waya mpaka ziwe safi, kwa sababu nati itapita juu yake na kila chembe ya mchanga itakuwa kizuizi. Kisha pakwe mafuta mepesi ya kupenya, yaachwe usiku kucha, na yarudiwe asubuhi. Mafuta mazito ya injini hayafai. Hayaingii katika uwazi mwembamba. Kugonga kichwa cha bolti mara chache kwa nyundo, mapigo mafupi yanayofuata mstari wa shina, hutikisa kutu na kufungua njia ya mafuta.

Spana iwe ya kipimo halisi. Soketi yenye pembe sita hushika nyuso za nati. Ile ya pembe kumi na mbili hushika ncha zake, nayo huzimenya nati iliyoliwa na kutu. Ifahamike pia kwamba Land Rover hizo zina vipimo vya inchi, na spana ya milimita inayoonekana "inakaribia" itaviringisha pembe za nati.

Mpini mrefu una faida na una hatari. Mtu anayevuta kwa nguvu ya kama kilo 30 kwenye mpini wa sentimita 30 hutoa msokoto wa nyutoni-mita 90 hivi. Akichomeka bomba na kuufanya mpini uwe mita moja, nguvu ileile hutoa 300. Msokoto huo unatosha kuikata bolti ya kawaida ya milimita 12. Kwa hiyo mpini mrefu utumiwe kwa kuongeza nguvu polepole, si kwa kuruka juu yake. Wala si vibaya kuanza kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza: mara nyingi kutu huachia kwa mwendo mdogo wa upande wowote.

6.2 Kufungua

Nati ikishalegea, kuifungua ni kuizungusha mpaka itoke. Wengi huharakisha hapa, na hapa ndipo hesi huharibika. Nati ikizunguka nusu kisha ikawa nzito tena, irudishwe robo, itiwe mafuta, iendelezwe. Inayokwenda mbele na kurudi nyuma husaga kutu ikawa unga na kuutoa. Inayolazimishwa upande mmoja huukusanya unga huo mbele yake mpaka ikwame upya.

Nati ikikataa, moto ni msaada mkubwa, ukielekezwa mahali panapostahili. Chuma hupanuka kinapopata joto. Nati ikiongezewa joto la nyuzi 300 za Selisiasi wakati shina bado ni baridi, tundu lake la milimita 14 hukua kwa takriban sehemu 5 za mia za milimita. Ni kidogo kwa macho, ila chatosha kupasua kutu. Kwa hiyo huchomwa nati, haichomwi bolti. Na huchomwa upesi, kabla joto halijahamia ndani. Nati inapopoa, mafundi wengine huigusisha mshumaa, nta ikayeyuka na kunyonywa ndani ya hesi. Nta hufanya kazi ya mafuta.

Moto una masharti. Mabomba ya breki na ya mafuta ya gari yapo karibu, na mpira wa bushi huwaka na kutoa moshi mbaya. Kizuia mtikiso chenye gesi ndani kisichomwe kamwe, kwani hupasuka. Sehemu iliyosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini isikaribishwe moto, kwani dawa hiyo ikiungua hutoa gesi yenye sumu kali. Mafuta ya kupenya nayo huwaka. Yafutwe kwanza, na ndoo ya mchanga au kizima moto kiwe karibu.

6.3 Kukwamua

Nati imetoka, na bolti haitoki. Hapa ndipo kitenzi chetu kinapostahili jina lake, na hapa fundi hupaswa kuweka nyundo chini na kuuliza: imekwamia wapi? Bolti yenyewe hujibu, ikizungushwa kidogo kwa spana huku mkono ukisikiliza.

Ikizunguka kidogo, ikazidi kuwa nzito, kisha ikarudi yenyewe inapoachiwa, basi imeshikana na bomba la ndani la bushi. Kinachorudisha spana ni mpira unaonyongwa. Tumeona kwamba mpira umeumbwa kufanya hivyo. Hapa unatupasha habari.

Ikizunguka kwa ulaini kama wa udongo, bila ya kurudi na bila ya mlio, kichwa kinakwenda na mwisho wa pili umetulia, basi shina linasokotwa na linakaribia kukatika. Fundi asimame mara moja.

Ikizunguka kwa wepesi mzunguko mzima pamoja na mwisho wake wa pili, lakini isitoke, basi haina kutu ya kuogopwa. Ama imebeba uzito, ama imepinda, ama, ikiwa ni ya pingu, bado imo katika hesi za kibamba cha ndani.

Isipotikisika hata kidogo, imeshikwa katika mashavu ya kishikio au katika hesi za kibamba. Dawa yake ni mafuta, muda, na joto juu ya chuma kinachoizunguka, kwa uangalifu tuliokwisha kuutaja.

Majibu haya manne yana dawa nne, na dawa ya mmoja ni madhara kwa mwingine. Kugonga hufaa kwa bolti iliyoshikwa kwenye mashavu, lakini huharibu ile iliyomo katika hesi. Kuzungusha hufaa kwa bolti ya pingu, lakini hakuna faida kwa ile iliyoshikana na bomba la bushi, kwa sababu bomba litazunguka pamoja nayo na mpira utameza nguvu yote. Kwa ugonjwa huu wa mwisho, mafuta hujaribiwa kwanza, na mapigo yanayofuata mstari wa shina. Baada ya hayo, ni heri kukubali kukata.

6.4 Kuchomoa

Bolti iliyokwamuliwa huchomolewa. Jeki iliyo chini ya ekseli ipandishwe au ishushwe polepole mpaka bolti iwe nyepesi. Anayeisukuma kutoka nyuma asipige moja kwa moja juu ya hesi. Mwisho wa bolti hutanuka kama uyoga na hautapita tena katika tundu. Arudishe nati mpaka iwe sawa na mwisho wa bolti ndipo agonge, au atumie kipande cha shaba kati ya nyundo na bolti. Shaba ni laini kuliko chuma. Huumia yenyewe, ikaponya hesi. Bolti inapoanza kutoka, mikono ikae mbali na springi, kwani mabamba huweza kuruka yanapoachiwa.

7. Bolti inapokatwa

Kukata si kushindwa. Bolti iliyoshikana na bomba la bushi kwa urefu wake wote hugharimu saa nyingi kuiokoa, na hata ikiokolewa haifai kurudishwa. Hukatwa mahali pawili: katika uwazi kati ya pete ya springi na kila shavu la kishikio. Jani la msumeno wa chuma latosha kwa mwenye subira. Mashine yenye kisahani chembamba cha kukatia huenda upesi zaidi, nayo yadai miwani ya kukinga macho na uangalifu wa cheche. Msumeno upite katika bolti na bomba la bushi, usiguse kishikio, kwani kishikio ni sehemu ya chesisi.

Springi hushuka ikiwa na kipande cha bolti ndani yake. Mpira hutobolewa kwa keekee kuuzunguka mpaka kipande hicho kitoke pamoja na bomba la ndani. Bomba la nje, lililobaki ndani ya pete, hupasuliwa kwa ndani kwa jani la msumeno kwa urefu, pasipo kufikia chuma cha pete, kisha hukunjwa kwa tindo na kutolewa.

8. Kurudisha

Aliyekwamua bolti leo ndiye anayeamua kama mwenzake ataikuta imekwama kesho. Bolti mpya iwe na hesi za aina ileile na nguvu isiyopungua ya kwanza. Kichwa cha bolti za vipimo vya milimita huwa na alama: 8.8 maana yake ni kwamba chuma hukatika kwenye mvuto wa nyutoni 800 hivi kwa milimita moja ya mraba, na huanza kunyumbuka bila kurudi kwenye 80 kwa 100 ya mvuto huo, 10.9 ina nguvu zaidi. Bolti za inchi zina alama za namna nyingine, lakini kanuni ni hiyohiyo. Bolti iliyochomwa moto hadi kuwa nyekundu imepoteza ugumu wake, na isirudishwe hata kama hesi zake ni nzima.

Shina lipakwe grisi au lihami ya shaba iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, tabaka jembamba, ili maji yakose nafasi. Grisi ya kawaida isifike kwenye mpira wa bushi, kwani mafuta huulainisha na kuuvimbisha. Tena hesi zilizopakwa mafuta huhitaji msokoto mdogo kuliko hesi kavu ili kupata mvuto uleule. Anayekaza kwa kipimo cha hesi kavu anaweza kuivuta bolti kupita kiasi.

La mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Nati za viungo hivi zisikazwe kabisa wakati springi inaning'inia. Zifungwe kwa kiasi, gari lishushwe, likae juu ya magurudumu yake na kutikiswa mara chache, ndipo zikazwe mpaka mwisho. Sababu yake tumekwisha kuiona: bomba la ndani hubanwa likawa kitu kimoja na kishikio. Likibanwa springi ikiwa inaning'inia, mpira utakuwa umenyongwa siku zote gari linaposimama, na utapasuka kabla ya wakati wake. Kazi nzima itarudiwa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya safari ya kwanza nati zikaguliwe tena.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba bolti haikwami kwa ujumla, inakwamia mahali. Yaweza kuwa katika nati, katika hesi za kibamba, katika mashavu ya kishikio, katika bomba la bushi, au chini ya uzito tu. Nguvu isiyojua mahali hapo huvunja kile kisichokuwa na kosa.

Tumeona pia kwamba lugha inayo njia ya kulinda kazi. Mwalimu wa ufundi anayesema "legeza", akangoja. Kisha "fungua", akangoja. Kisha "kwamua", akamwuliza mwanafunzi bolti imejibu nini. Na mwishowe "chomoa", amegawa hatari ya kazi katika sehemu nne ndogo zinazoweza kukaguliwa moja moja. Istilahi za vyombo zaweza kutoka popote, na zimetoka popote: Ufaransa, Uingereza, Ureno, Arabuni. Vitenzi vya kazi tunavyo. Kazi iliyobaki kwa idara zetu za Kiswahili ni kwenda katika garaji na karakana na kuvikusanya kutoka midomoni mwa wale wanaovitumia, kila kitenzi pamoja na kazi yake, kabla havijamezwa na lile neno moja la "kutoa".